Mvua ya Mawe ya Saturnino

Bi Eulogia alikuwa akikaanga mahindi uani alipoona mwezi umezungukwa na duara. Duara jeupe ni mvua; la njano, jalidi, ile baridi inayounguza majani; lile lilikuwa jekundu, yaani mvua ya mawe, na viazi ndiyo kwanza vinatoa maua. Akaepua chungu, akaenda kupiga kengele ya kanisa.

Kule milimani mvua ya mawe haiji bure. Yupo mwanamke aliyeharibikiwa mimba akazika kwa siri. Mwanamke hutafutwa, hufukuzwa, viazi hupona. Mwanamume hatafutwi, wazo hilo halijawahi kumpitia mtu kichwani.

Mkutano uliongozwa na Saturnino, mkuu wa kijiji. Alipokuwa akiuliza mwenye dhambi ni nani, duara likaachana na mwezi, likashuka taratibu kama kitanzi kinavyomshukia lama wa kubebeshwa mizigo, likatulia juu ya kofia yake. Akasogea kushoto, nalo likasogea. Barafu ikaanza kumwangukia yeye peke yake, pa! pa! Ikabidi apaze sauti.

"Mzee, jifunike poncho," mtu akamwambia.

"Niache. Nauliza, ni nani?"

Justina akasimama. Ndiye aliyempikia Saturnino tangu afiwe na mke, na alikuwa na kishamba cha viazi alichoachiwa na mama yake. Afukuzwaye haondoki na shamba.

"Ni mimi. Nilizika nyuma ya zizi lake. Na duara mnaona limemkalia nani."

"Tunaona, hatuna chongo," akasema Bi Eulogia. "Maskini ya Mungu, anabeba dhambi yako!"

"Na dhambi hiyo nilifanya na nani, shangazi? Na beberu?"

Watu wakacheka, maana lilichekesha. Kisha wakamfungulia mbwa.

Justina alishuka bondeni na kifurushi kimoja, wanawake wakimwagia majivu nyayo zake asipate njia ya kurudi. Kishamba alipewa mpwa wa Saturnino.

Duara halikuondoka. Mwaka ule barafu yote ya milima ile ilimwangukia Saturnino, mezani, kitandani, hata akiungama kwa padri, na viazi vilistawi ajabu. Ulipofika uchaguzi, hakuna aliyethubutu kushindana naye. Mkuu anayepokea mvua ya mawe peke yake, walisema, utampata wapi? Wakamchagua kwa makofi, wakiwa wameketi mbali naye kidogo ili wasilowe.