Kiti cha Vernon

Ardis Torkelson alikuwa na miaka themanini na mmoja watoto wake walipomletea mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe hakuwa daktari wala wakili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu aitwaye Kendra, mwenye fulana ya zambarau, aproni ya mifuko minne, na sauti ya kubembelezea mtoto anayeota meno. Kazi yake ilikuwa kuwatoa wazee kwenye nyumba kubwa na kuwahamishia kwenye nyumba ndogo. Watoto wa Ardis walimwita kwa sababu wao, walisema, walikuwa na shughuli nyingi. Shughuli hizo hazikuwazuia kuja kila siku kusimama mlangoni na vikombe vya kahawa ya dukani, wakinyoosha vidole na kuelekeza.

"Hali zetu leo, Bi Ardis?" Kendra aliuliza siku ya kwanza, akainama kana kwamba Ardis alikuwa shimoni.

"Yangu nzuri," Ardis akajibu. "Yako sijui."

Kendra akacheka, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mambo yalikwenda hivi. Kila kitu ndani ya nyumba kilibandikwa stika ya duara. Kijani, kinakwenda na mwenyewe kwenye fleti mpya. Njano, kinachukuliwa na watoto. Bluu, kinapelekwa kanisani. Nyekundu, kinauzwa, na kisiponunuliwa kinatupwa. Kendra alieleza hayo mara mbili, pole pole, akigusa kila rangi kwa kidole, mbele ya mwanamke aliyefundisha hesabu darasa la sita kwa miaka ishirini na tisa.

Stika za njano hazikupata kazi. Julie, binti yake, alilizunguka kabati la vyombo la bibi yake, akalipapasa, akasema, "Zuri mno, Mama, lakini kwangu halina pa kukaa." Craig, mwanawe, alifunua sahani za maua akazifunika haraka. "Stacy hapendi maua," alisema. Craig alikuwa na nyumba ya sebule mbili na gereji ya magari matatu, na mkewe Stacy alikuwa ameijaza vitu vyeupe ambavyo mtu haruhusiwi kuvigusa. Cherehani, hapana. Kitanda cha mwaloni, hapana. Waliyasema hayo bila kupepesa macho, mara moja tu, na yakaishia hapo. Ardis aliwasikiliza kwa mshangao, na kwa kijiwivu kidogo pia.

Maana yeye hakulelewa hivyo. Kwa watu wa rika lake huko Duluth, mji wao wa kando ya ziwa kule Marekani, na Minnesota yote ya kaskazini, kukataa ni adabu tu. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, asante, usijisumbue. Ukikaribishwa tena unasema hapana jamani, kwani nimetoka kunywa sasa hivi. Ukikaribishwa mara ya tatu ndipo unasema haya basi, kidogo tu, kama ipo tayari, halafu unakunywa vikombe vitatu na keki juu. Ardis alikuwa ameishi hivyo tangu utotoni, na hapana zake zote ziliishia kuwa ndiyo.

Sasa kulikuwa na kitu kimoja tu alichotaka kukikataa kwelikweli, nacho ni kiti cha Vernon.

Vernon alikuwa mumewe. Kiti chake kilikuwa cha ngozi ya kahawia, kipana kama ng'ombe aliyelala, chenye mpini pembeni ambao ukiuvuta miguu yako inainuliwa. Alikinunua mwaka aliopandishwa cheo kwenye reli, akakitua mbele ya dirisha pekee la sebule lililotazama ziwa, akalipa ziwa mgongo ili aione televisheni. Humo alikaa miaka thelathini na minane, na kutoka humo aliita. Ardis, kahawa! Ardis, miwani! Ardis, hebu ona nani yuko mlangoni! Miwani mara nyingi ilikuwa kwenye paji la uso wake mwenyewe. Hakumpiga mkewe, hakulewa, hakufuata wanawake, na kanisani walimwita mtu mzuri. Ardis aliyajua yote hayo na alichoka kukumbushwa. Vernon alipofariki, Novemba iliyopita, alimlilia kwa haki yake. Kisha akarudi nyumbani kutoka makaburini, akajimiminia kahawa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akaimaliza ikiwa ya moto.

Fleti mpya ilikuwa ghorofa ya tano kwenye jengo la wazee karibu na bandari. Ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, jiko dogo lisilotosha watu wawili, na dirisha moja kubwa linalotazama ziwa na meli za madini zinapoingia chini ya daraja. Ardis alipopanda kwenye jengo hilo kwa mara ya kwanza na kuliona dirisha, aliamua mambo yake palepale. Ataweka hapo kiti chake cha mbao cha jikoni. Hakuna kingine kitakachokaa hapo.

Kwa hiyo akabandika stika nyekundu kwenye kiti cha Vernon. Kesho yake asubuhi akakuta ya kijani.

"Nani kabadilisha?"

"Mama, ulikosea tu," Julie akasema. "Hicho ni kiti cha Baba."

"Najua cha nani. Mimi hapana, mwanangu, sikitaki. Kitajaza nafasi bure."

"Usijali nafasi, Mama. Tutakupangia."

Siku iliyofuata Kendra akaleta ramani ya fleti kwenye karatasi ya miraba, pamoja na samani ndogo za karatasi alizokata kwa mkasi kwa vipimo sahihi, ili Bi Ardis acheze nazo, ndivyo alivyosema, acheze. Ardis akaweka kitanda, akaweka meza, akaweka kiti cha mbao dirishani. Kile kiti kikubwa cha karatasi akakitumbukiza kwenye kikombe cha kahawa, akakikoroga kwa kijiko.

"Hiki hapana," alisema.

"Haina neno, kipenzi," Kendra akasema, akatia mkono kwenye aproni. "Nilikata viwili."

Halafu akamvuta Craig pembeni, akamnong'oneza kwa ile sauti wanayotumia watu wanaodhani kila mwenye mvi ni kiziwi. "Huo ni msiba unaoongea. Tulifundishwa. Wengi wanakikataa kile wanachokipenda zaidi. Akikikuta kwenye nyumba mpya atalia, halafu moyo utatulia." Craig akatikisa kichwa kwa huzuni, akionekana ameelewa mambo mazito. Ardis alisikia kila neno, na akajiuliza hivi shule gani hiyo inayofundisha watu kusikia hapana na kuandika ndiyo.

Ijumaa akawaita wote mezani.

"Craig. Julie. Nasema kwa mara ya tatu. Kiti cha baba yenu sikitaki kwenye nyumba yangu."

"Sawa, Mama," Craig akasema, akamshika bega. "Tumekusikia."

Kisha akamkonyeza dada yake, na Ardis akaona. Kwa hesabu zao mama yao alikuwa amefika pale pa kusema haya basi, kidogo tu.

Siku ya kuhama Julie alimpeleka kula samaki mkahawani. Walikaa saa tatu. Julie alikuwa akitazama simu kila dakika na kuagiza pai ambayo hakuna aliyeitaka. Ardis aliijua sababu. Kampuni ya Kendra ilijivunia jambo moja kuliko yote: wanaipiga picha sebule ya mzee kila pembe, halafu wanaipanga upya kwenye nyumba mpya vilevile, mpaka kitambaa cha meza kinakunjwa kama kilivyokuwa, ili mzee akiingia aone hajahama. Kwamba huenda mzee ametaka kuhama, hilo halikuwahi kuwapitia kichwani.

Mlango wa fleti ulipofunguliwa, kiti cha Vernon kilikuwa dirishani, mgongo kwa ziwa. Juu yake, ukutani, alitundikwa yule samaki wa Vernon aliyekaushwa kwenye ubao, mdomo wazi. Kwenye mkono wa kiti palikuwa na miwani yake, na gazeti la Novemba lililokunjwa kwenye fumbo la maneno ambalo hakuwahi kulimaliza. Walikuwa wamelihifadhi hata hilo. Craig alisimama pembeni machozi yakimlengalenga, na Kendra alikuwa ameinua simu yake anarekodi.

"Karibu nyumbani, Bi Ardis! Tunalia kidogo, eti?"

Ardis akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kiti changu cha mbao kiko wapi?"

"Aa, kile! Tumekiweka bafuni, kinafaa sana kuwekea taulo."

"Zima simu," Ardis akasema.

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu ya—"

"Zima, binti."

Kendra akazima. Ardis akamsogelea, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni bila kuomba ruhusa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu maishani, akatoa karatasi ya stika.

"Njano ni ya nini? Ulinieleza mara mbili."

"Ni... ya watoto, Bi Ardis."

Akabandua moja, akaenda dirishani, akaigandamiza katikati ya mgongo wa kiti, pale ngozi ilipochakaa.

"Craig, kiti cha baba yako hicho. Chukua."

Craig akarudi nyuma hatua moja. "Mama, ningependa, lakini unajua kwangu hakina pa—"

"Malizia."

"Stacy tu ndiye..."

"Sebule mbili, Craig. Mbili! Na gari la tatu huna. Julie, wewe je?"

"Mama, mimi nina paka," Julie akasema, na angalau aliona haya kusema hivyo.

"Basi kwako hakina pa kukaa kwa sababu ya paka, kwa kaka yako hakina pa kukaa kwa sababu ya mke, na kwangu kina pa kukaa kwa sababu mimi sina hata paka."

Julie akaanza kulia. "Baba alikuwa mtu mzuri, Mama. Unaongea kama vile hakuwa."

"Alikuwa mzuri kwenu. Nyie aliwapakata kwenye kiti hicho. Mimi aliniita kutoka humo. Miaka thelathini na minane naitwa, Julie, naacha sufuria, naacha madaftari ya wanafunzi, nakwenda kumwambia mtu miwani yake iko usoni. Sikumchukia. Nilichoka! Sasa nyie mnataka mje Jumapili moja kwa mwezi, mkiguse, mtoe machozi, mwende zenu, na mimi nibaki nacho siku saba kwa wiki. Mmenifanya stoo yenu."

"Bi Ardis," Kendra akaingilia kwa ile sauti yake, "hasira ni hatua ya kawaida kabisa katika—"

"Na wewe, badala ya kunihesabia hatua, nenda bafuni kanitolee kiti changu. Hilo taulo lishike mkononi."

Kendra akaenda. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kufanya alichoambiwa.

Craig alikuwa bado amesimama, uso mwekundu, mtu wa miaka hamsini na mitatu mwenye kipara. "Lakini Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema mara tatu."

"Tulidhani..."

"Najua mlichodhani. Mimi ndiye niliyewafundisha, mnakaa mezani mkiniona nakataa keki huku naitazama. Kosa ni langu, na nimelijutia wiki nzima. Hii sasa ni mara ya nne. Mnyanyueni baba yenu mwende naye."

Hakuna aliyebisha tena. Wanaume wawili wa fulana za zambarau wakasukuma kiti hadi kwenye lifti, kikakwama mlangoni, kikageuzwa ubavu, mpini ukajivuta wenyewe na miguu ikainuka, na mzee mmoja wa jirani akatoa kichwa kuuliza kama kuna mtu amekufa. Samaki akapewa stika ya bluu, kanisa lijue la kumfanya. Miwani Ardis aliikunja akaitia kwenye droo ya meza ya kitandani. Hiyo aliitaka.

Watu walipoondoka, akachemsha kahawa, akakaa dirishani kwenye kiti cha mbao. Chini kwenye maegesho Craig alikuwa amesimama kando ya kile kiti, simu sikioni, bila shaka kwa Stacy, mkono mmoja ukieleza mambo hewani. Alizungumza, akasikiliza, akazungumza tena. Mara moja alikaa juu ya kiti, akajiinua haraka alipokumbuka kuna watu wanatazama. Huyo naye sasa atajifunza, Ardis alifikiri, na hakumwonea huruma hata kidogo.

Meli ndefu ya madini ilikuwa ikiingia chini ya daraja. Honi ikalia mara moja, nzito, na Ardis akashtukia yuko wima, kikombe mkononi, ameshapiga hatua tatu kuelekea katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa. Akasimama hapo. Chumba kilikuwa kimya.

"Mjinga we," alijiambia kwa sauti. "Nani kakuita?"

Akarudi akakaa. Kahawa ilikuwa bado ya moto, akainywa yote.