Hatua Tisa za Shemeji

Kinyozi alichaguliwa kwa sababu hajui kitu. Aliambiwa hivyo waziwazi na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolewa na kitambaa shingoni. Watu wengi wakifika kwenye kiti kile hupima maneno, maana wembe uko karibu. Shemeji hakupima.

"Mchapishaji anataka mtu asiyejua umeme hata chembe," alisema. "Asome kitabu changu, afuate hatua zote tisa, asiniulize swali hata moja. Taa ikiwaka, kitabu kinakwenda mtamboni. Isipowaka, kinarudi kwangu. Nikafikiri weee, nikakuona wewe."

"Ahsante, shemeji. Umenipandisha cheo."

"Usinichekeshe, utanikata sikio."

Shemeji alikuwa karani wa posta kabla hajastaafu. Kustaafu kulimkuta bado ana nguvu, na nguvu zote zikaishia kwenye umeme wa jua. Alijifungia paneli nyumbani kwake, akaifungua, akaifunga tena, mpaka majirani wakadhani anauza vyuma. Halafu akaanza kuandika kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida afunge umeme wa jua nyumbani kwake bila kumwita fundi. Alikiandika kwenye meza ya kulia chakula, na tangu siku hiyo familia ikahamia kwenye mkeka. Watoto wakakua, wakaondoka nyumbani, meza bado imelaliwa na karatasi.

Ndiyo maana simu ya dada ilifika kabla kinyozi hajafungua hata jalada.

"Mdogo wangu, nakuomba. Sema kinafaa."

"Sijakisoma, dada."

"Sasa kukisoma kutakusaidia nini? Mimi nataka meza yangu."

Kinyozi angeweza kusema uongo mdogo na dunia isitikisike. Tatizo ni kwamba umeme wa jua aliutaka kweli. Pale kibandani pake umeme ulikuwa unakatika kama mtu anayekohoa, na mashine ya kunyolea haijui adabu, inazima katikati ya kichwa. Alishawahi kumwachia bwana harusi mtarajiwa upande mmoja umenyolewa na upande mmoja kama jogoo. Basi akanunua vifaa vyote vilivyotajwa kitabuni: paneli, betri, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na kontrola, yaani kile kijisanduku kinachokaa katikati ya paneli na betri kuamua nani apewe nini. Akangoja siku anayofunga duka.

Jirani yake, fundi cherehani, alikuja na kiti chake mwenyewe. Alitaka kuwa mtu wa kwanza kunyolewa na jua.

"Nifunge kitambaa kabisa," alisema. "Nisije nikapitwa."

Hatua ya kwanza na ya pili zilipita salama, maana zilikuwa za kusoma majina ya vifaa. Ya tatu ikamsimamisha kinyozi juu ya ngazi.

"Soma tena," alimwambia fundi cherehani.

"'Shikilia fremu isicheze kwenye bati, bana waya usiteleze, kisha kaza nati.'"

Kinyozi aliangalia mkono wake wa kulia, akaangalia wa kushoto, akatafuta mwingine.

"Huyu shemeji yako ana mikono mingapi?"

"Nilikuwa namwona na miwili tu."

"Labda mmoja anauweka kwa ajili ya wageni."

Waya akaubana kwa meno, fremu akaibana kwa goti, nati ikakazika kwa kuonewa huruma. Hatua ya nne ilianza hivi: "Paneli ikishafika juu."

"Imefikaje?" aliuliza kinyozi.

"Hapa hawakusema. Ikishafika."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo iko chini, bwana. Labda inapanda yenyewe ikisikia joto."

Hata hivyo ilipanda. Ilipanda mgongoni mwa kinyozi, kwa kamba ya kuanikia nguo, huku fundi cherehani akitoa ushauri bila kuondoka kitini, maana kitambaa kilishafungwa. Hatua ya tano ikapita. Ya sita, ambayo ndiyo roho ya kitabu kizima, ilikuwa fupi na safi: ingiza waya za paneli kwenye kontrola, kisha ingiza za betri.

Jua lilikuwa utosini. Kinyozi aliingiza waya za paneli, kila mmoja mahali pake kama ilivyochorwa. Papo hapo kitaa kwenye kijisanduku kikawaka.

"Ee! Kinawaka!" fundi cherehani alipiga makofi chini ya kitambaa.

Kikasema *tik*. Kikazima. Ikafuata harufu ambayo kinyozi aliifahamu kwa mbali, kama ya nywele zilizosogelea pasi. Aliingiza waya za betri kama kitabu kilivyosema. Akabonyeza, akapuliza, akapiga kofi la upole. Kontrola ilikuwa imekwenda zake.

Fundi cherehani alinyolewa kwa mkasi, na hakunyamaza mpaka mwisho.

"Uliruka mstari," alisema Shemeji alipopelekewa habari. Hakukasirika. Alisema kama daktari anavyomwambia mgonjwa kuwa hakumeza dawa.

"Sikuruka."

"Basi uliingiza waya kinyume."

"Fundi cherehani alikuwa ananisomea."

"Sasa unaona? Kitabu cha umeme unasomewa na mshona suruali." Alisimama. "Njoo nyumbani Jumamosi. Nitafungua kila kitu changu, nifunge upya mbele yako, neno kwa neno. Kikikataa, mpigie mchapishaji mwenyewe umwambie hakifai. Kikikubali, umwambie kinafaa."

Jumamosi saa ya jua kali Shemeji akafanya kweli. Paneli ilishushwa, ikapandishwa tena kwenye paa la jiko. Kinyozi aliambiwa akae ndani, karibu na kijisanduku, kitabu mapajani, afuatilie kwa kidole. Kila baada ya muda Shemeji aliingia ametoka jasho, akauliza, "Hatua ya ngapi?" na kutoka tena. Huko nje dada yake alisikika akisema, "Shika upande huo, sio huo," lakini kwa kuwa hiyo ndiyo sauti ya kawaida ya nyumba ile, kinyozi hakuitilia maanani.

Hatua ya sita Shemeji aliifanya mbele ya macho yake. Akaingiza waya za paneli. Kijisanduku kikakaa kimya, kama hakijaambiwa kitu. Akaingiza waya za betri. Kitaa kikawaka, kikatulia, wala hakikusema *tik*.

"Tayari!" Shemeji alipiga kelele kuelekea dirishani, na baada ya kidogo kitaa cha pili kikawaka, kile cha kuonyesha kuwa jua linaingia. Taa ya sebuleni ikawaka. Shemeji alisimama tu kwa namna ya mtu anayesubiri kupongezwa na hataki kuonekana anasubiri.

Kinyozi alijisikia mjinga aliyethibitishwa. Ila jambo moja lilimkwama. Kwake kitaa kiliwaka mara tu waya za paneli zilipoingia. Hapa paneli iliingia na kijisanduku kikaendelea kulala.

Dada aliingia na chai. Begani alikuwa na shuka.

"Dada, hilo shuka la nini?"

"Hili? Naifunikia hiyo paneli yake. Inanipiga machoni nikiwa nimeshika ngazi. Siku nzima inammetametea mtu usoni kama kioo cha saluni."

"Huwa unafunika kila mara?"

"Tangu siku ya kwanza. Akimaliza mambo yake ya ndani anapiga kelele tayari, namfunulia."

Shemeji aligeuka polepole. "Unanifunulia nini?"

"Si unasema tayari?"

"Nasema tayari kwa furaha!"

"Mimi najuaje? Mtu akisema tayari, nafunua."

Dada, ambaye bado hakuona kosa liko wapi, alimgeukia mdogo wake na kumkazia macho, jicho moja likielekea kwenye meza.

Hapo kinyozi angeweza kunyamaza. Taa ilikuwa imewaka, neno lilikuwa limetolewa, na dada yake angekula mezani wiki hiyo hiyo. Alifikiria mtu fulani asiyejua kitu, asiye na shemeji wa kumlalamikia, amekaa na kijisanduku chake kinachonuka.

"Shemeji," alisema, "hebu irudie bila shuka."

"Atairudia ya nini na taa inawaka?" dada aliingilia.

Shemeji alishaanza kutoa waya. "Usifunike," alimwambia mkewe. "Kitabu hakina shuka."

Aliingiza waya za paneli. Kitaa kikawaka. *Tik*. Ile harufu ikapanda, ikawazunguka wote watatu, ikatoka dirishani.

"Kumbe betri ndiyo ilitakiwa itangulie," Shemeji alisema taratibu. "Jua limeingia kabla betri haijafika, halina pa kwenda, limekiunguza. Na miaka yote hii ni shuka lililokuwa linalizuia."

"Basi geuza huo mstari mmoja, betri kwanza, ukipeleke," dada alisema haraka. "Mstari mmoja, mume wangu. Unageuza umesimama."

Shemeji alimtazama kinyozi. "Mstari mmoja?"

Kinyozi alikunywa chai kwanza. "Hatua ya tatu ina mikono mitatu."

"Fremu namshikia mimi," alisema dada.

"Na ya nne, paneli inafika juu bila kupanda."

"Naipokeza kutoka chini. Nzito kama mzigo wa mahindi."

"Na ya saba, bisibisi inatokea tu mkononi."

"Bisibisi..." Dada aliona maneno yake yanakoelekea, na huko kulikuwa na meza yenye karatasi.

Shemeji alichukua simu, akatafuta namba ya mchapishaji, akampa kinyozi. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini hakuwa amenuna. "Mwambie. Hata ile ya mikono mitatu."

Mchapishaji alipokea akiwa anatafuna kitu. "Enhe, kinafaa?"

"Bado," kinyozi alisema. "Kwa sasa kinafaa kwa mtu aliye na dada yangu."

"Wako wangapi?"

"Mmoja tu, na ameshaolewa."

"Basi soko dogo hilo. Mwambie akirekebishe akilete."

Simu ilipokatika Shemeji alikuwa ameshakaa mezani. Alisukuma pembeni rundo la karatasi, akavuta nyeupe moja, akachonga penseli kwa kisu cha mkate. Alipoanza kuandika akasita, akainua kichwa.

"Hatua ya kwanza. Mama watoto, mimi nikiwa nachagua vifaa, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Dada aliitazama meza yake kwa muda. Kisha akaenda kwenye kona, akautoa mkeka, akautandika pale pale penye alama yake ya siku zote.

"Ngazi ilikuwa imeegemea mtungi wa maji," alisema akipanga vikombe chini. "Nilikuwa naihamisha. Andika."