Vioo vya Kuonekana Barabarani

Ati madirisha ya kufunguka ni ya jikoni! Mwenyekiti Nyamweya alisema hivyo kwenye mkutano wa harambee, na kamati nzima ikakubali. Zahanati yetu karibu na Ikonge ikawekewa vioo vikubwa visivyofunguka, ving'ae vionekane kutoka barabarani. Sisi wanawake tuliobeba mawe ya msingi mgongoni hatukuulizwa. Nesi Persis aliwaeleza kwamba wodi ni moja tu, na mtu wa kifua kikuu akikohoa mle bila upepo kupita, wenzake watavuta ugonjwa wake. Wakamjibu kwamba huku kwetu ni baridi, wagonjwa watashukuru.

Washukuru nini? Mwaka wa 1972 binti yangu Drusilla alijifungua mle. Kitanda cha pili kutoka chake alilazwa Mogire, mchuma chai wa Itumbe, akingoja gari la kumpeleka hospitali kubwa Kisii. Gari lenyewe lilikuwa bovu. Maskini, alikohoa akiwa ameelekea ukutani, blanketi mdomoni, huku akituomba msamaha. Yeye simlaumu hata kidogo. Lakini vioo vilitiririka maji ya pumzi zetu, na mjukuu wangu, aliyezaliwa jana yake, alikuwa akivuta hewa hiyo hiyo. Drusilla bado alikuwa anatoka damu, kwa hiyo Persis alikataa tumhamishe.

Nikaenda kwa mwenyekiti kumwomba atume fundi aondoe kioo kimoja tu. Badala ya fundi alikuja yeye mwenyewe na bakora yake, akasimama mlangoni pa wodi, akaanza kunihutubia kutoka pale pale. Mali ya umma haiguswi. Mimi ni mchochezi. Hewa ndani imejaa tele. Muda wote huo amejiziba pua kwa kitambaa.

“Ingia basi, mzee, tuongee vizuri,” nikamwambia.

Alitupia jicho kitanda cha Mogire, akarudi nyuma.

Haki ya Mungu, hasira ilinipanda. Nilimpokonya ile bakora. Persis alimfunika mtoto bila kuuliza kitu, nami nikavunja kioo cha kwanza, nikavunja na cha pili. Upepo ukaingia, baridi na mtamu, Mogire akageuka kutoka ukutani.

Mwenyekiti akafoka kwamba atanipeleka kwa chifu.

“Nipeleke,” nikasema. “Bakora yako naiweka hapa kitandani. Ingia uichukue.”

Ilikaa hapo mpaka Drusilla akaruhusiwa kwenda nyumbani.