Mlango Ukaja Mwisho

Sisi watu wa mezani hatusomi vitabu, tunavikusanya. Karatasi zinatoka kwenye mashine zimeshakunjwa, tunazipanga marundo marundo kuzunguka meza ndefu, kisha tunatembea. Unaokota moja hapa, moja pale, ukimaliza mzunguko una kitabu mkononi. Unampa mshonaji akibane kwa pini za waya, unaanza tena. Kazi hiyo nimeifanya mpaka visigino vimeota sugu, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuuliza visigino vyangu vina hali gani.

Marehemu mke wangu alikuwa akitembea mbele yangu. Ndiye aliyeanzisha wimbo, na meza nzima ikaenda kwa mwendo wake. Aliomba ruhusa ya kwenda kutibiwa kifua, wakamwambia asubiri kwanza kazi ya vitabu vya shule iishe. Kazi ikaisha, na yeye akaisha. Usimamizi waliokuwa wakimwahidi wakampa mdogo wake, shemeji yangu. Tangu hapo nikimwita "shemeji" mbele za watu, neno lenyewe naliuma kwanza ndipo nalitoa. Yeye huitika vizuri tu, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma zaidi.

Sasa mwaka huu kikaja kitabu cha Mama Kwaya. Mama huyu hufundisha watoto kuimba. Amechukua wimbo wa zamani wa Krismasi, ule ambao kila mtu anaujua, akauchorea picha, kila ubeti na karatasi yake. Malaika na habari zake. Safari ya punda. Kugonga mlango na kuambiwa hakuna nafasi. Mtoto kuzaliwa, wachungaji kuja mbio, wageni wa mbali na zawadi zao, na mwisho kabisa mtoto amelala, ng'ombe wanamtazama. Kurasa hazina namba. Yeye anasema namba zinaharibu picha. Marundo niliyapanga mimi, peke yangu, kabla wenzangu hawajaingia. Wimbo naujua, nani anifundishe?

Vitabu vikakusanywa, vikashonwa, vikavishwa majalada. Maboksi yakaenda kwa Mama Kwaya. Kesho yake yakarudi, na yeye nyuma yake.

Tuliitwa wote mezani. Bosi Mdogo, mtoto wa mwenye kiwanda, alisimama upande wa dirisha na simu yake mkononi. Mama Kwaya alikaa juu ya boksi, kitabu mapajani, kaona haya utadhani mkosaji ni yeye.

"Nimewasomea watoto," akasema. "Mtoto kazaliwa, wageni wamekuja, kalala. Nafunua, naona mama yake ana mimba, anagonga mlango! Katoto kamoja kakaniuliza, 'Huyu ni wa pili?'"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Gundi, mbandika majalada, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Bosi Mdogo hakucheka.

"Msimamizi ameshaniambia," akasema. "Marundo aliyapanga yeye, akakosea. Ameomba radhi, nimemsamehe, kazi ina makosa. Vitabu vitafumuliwa na kukusanywa upya kabla ya sikukuu. Nimewaita mjue tu kwamba leo hatutoki mapema."

Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Damu ikanipanda. Yeye ndiye aliyepanga? Marundo nimeyapanga mimi, na nimeyapanga sawasawa! Nikajiona nimeshaelewa mchezo wote: wamekosea wenyewe huko kwenye mashine, wametafuta mtu wa kubebeshwa, na huyu kwa kupenda cheo amekubali.

"Hapana," nikasema. "Leo hapana."

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya chini, "acha."

"Niache nini? Mmezoea. Wa juu mkikosea, wa chini ndio wenye mikono mibovu. Na wewe ni wao sasa. Dada yako mlimuua hivi hivi, kwa kunyamaza."

 Mtu mmoja nyuma akasema, "Eh, baba, taratibu." Kumbe ndio kwanza moto unashika.

"Ushahidi uko mgongoni," nikamwambia Bosi Mdogo. Kila karatasi ina alama ndogo nyeusi pale inapokunjwa, na kila alama iko chini kidogo ya ile iliyotangulia. Ukikusanya vizuri, mgongoni mwa kitabu zinashuka kama ngazi. Jalada likishabandikwa huzioni tena. Nikamnyang'anya Mama Kwaya kitabu chake.

"Usichane, shemeji." Alinishika mkono. "Nakuomba. Kwa ajili ya dada, usichane."

Nikamkung'uta kama vumbi. Nikashika jalada, nikalivuta, gundi ikalia kraa, nikauinua mgongo juu wauone. Mimi niliwatazama wao, sikuutazama mgongo.

"Haya! Someni, nyinyi mliosoma!"

 Mzee Gundi alivaa miwani yake, akatazama, akainamisha kichwa. Ndiye aliyepaswa kuuona mgongo ule kabla ya kuufunika, ila macho yake ndiyo hayo tena. Nikakigeuza kitabu. Ngazi ilishuka vizuri mwanzoni, ikaruka, ikaendelea mpaka chini, halafu alama moja ikawa imerudi juu, peke yake, mwishoni. Karatasi ya mlango.

"Nani alipanga marundo?" Bosi Mdogo akauliza. Safari hii aliniuliza mimi.

Jibu lilikuwa neno moja. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Ofisi haikuleta kitabu cha mfano. Mtu atajuaje?"

"Kililetwa, ndugu yangu," akasema Mzee Gundi, kwa huruma. Akaenda ukutani, akaondoa koti langu kwenye msumari. Chini ya koti mfano ulikuwa unaning'inia kwa uzi wake. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Mimi," nikasema. "Nimepanga mimi."

Bosi Mdogo akamgeukia shemeji. "Kwa hiyo umenidanganya."

"Ndiyo, bosi."

"Marundo ningeyavumilia. Msimamizi anayenidanganya usoni nimfanye nini?" Akanyoosha kiganja. "Ufunguo wa stoo. Urudi mezani."

"Bosi, niadhibu mimi," nikasema.

"Wewe nikuadhibu vipi? Si uko mezani tayari?"

Nimebishana na wakubwa kwenye foleni, kwenye misiba, mpaka kanisani. Siku hiyo nilikwenda kuchukua koleo. Shemeji aliufungua ufunguo kwenye kamba ya aproni, akampa. Mama Kwaya aliokota jalada lililochanika, akawa analinyoosha kwa kiganja, asijue aliweke wapi.

Tukakaa kufumua, mimi upande huu wa meza, shemeji upande wa pili, tunang'oa pini za waya kwa koleo. Ndipo nikathubutu kumuuliza.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Maboksi yaliporudi nilifungua kitabu kimoja, nikakuta mlango uko mwisho." Alikuwa hanitazami. "Dunia nzima nani anaumalizia wimbo ule mlangoni? Dada peke yake. Kagombana na mwalimu wa kwaya ya kanisani mpaka akamshinda, ubeti wa mlango uimbwe mwisho, eti watu waende nyumbani wakiufikiria. Nikajua umepanga huku unamsikia yeye. Nikasema, wakimcheka shemeji watakuwa wanamcheka dada."

Sikuwa nimejua kwamba namsikia. Nilipanga tu, kama mtu anavyotembea. "Na mimi nikasema mlimuua."

"Ulisema. Mbele za watu." Akang'oa pini nyingine. "Ile ruhusa yake nilipanda juu kuiomba mimi pia. Nilipiga magoti, shemeji. Hukuwahi kuniuliza."

Ni kweli sikuwahi. Nilikuwa na majibu tayari.

Marundo yakapangwa upya, yeye akiyapanga, mfano ukiwa wazi mkononi mwake. Kisha akachukua nafasi yake kwenye mstari, na nafasi iliyokuwa tupu ilikuwa ile ya mbele yangu. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Zilisikika nyayo tu, na karatasi. Nilimtazama kisogo, kile kile cha ukoo wao, nikasimama.

"Shemeji," nikasema, "nisamehe."

Hakugeuka.

"Okota, shemeji. Walio nyuma yako wanasubiri."