Jina la Nabangala Juu ya Daraja

Kwaya ya akina mama wa Kipsongo ilikuwa kwenye mazoezi barazani pa kanisa, Jumamosi baada ya kufua, Zachary Wepukhulu alipofika na kreti ya soda akaomba wimbo. Phanice, kiongozi wa kwaya, ambaye siku nyingine husuka watu nywele karibu na stendi ya Kitale, alimpa kiti na kumsikiliza.

Kwao Matulo, alieleza Zachary, daraja jipya la saruji limekamilika mahali palipokuwa na lile la zamani la kamba. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ufunguzi. Daraja lingepewa jina la babu yake, Mzee Wepukhulu, aliyejenga lile la kwanza. Watu wa redio wangekuwepo.

"Tunataka wimbo wa kuchangamsha, mama," alisema. "Mtu akiusikia huko Bungoma mjini, aache ugali."

"Sasa mzee alilijengaje? Siwezi kuimba tu alijenga, alijenga."

Zachary alihesabu kwa vidole. "Kamba. Nguzo. Si umuulize senge yangu Edah? Ni dada ya baba, ndiye mkubwa wetu aliyebaki."

Phanice alimkuta Edah uani kwake Matulo, kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Alipouliza habari za mzee na daraja, kikongwe alijibu bila kuinua macho.

"Baba hakujenga. Baba alikuwa anaogopa maji, hata ya kuoga. Ni mama alijenga."

Mama yake alikuwa mkunga. Msimu mmoja mto ulifurika, na mwanamke mmoja akashikwa na uchungu ng'ambo. Alimwita mkunga kwa sauti mchana kutwa, na mkunga alisimama upande huu akimsikia, hana pa kupita. Jioni sauti ikakoma.

"Maji yalipopungua kidogo aliita wanawake," Edah alisema. "Walisokota katani mpaka viganja vikachubuka. Wakakata mikaratusi ya nguzo. Kamba ya kwanza mama alijifunga kiunoni akaogelea nayo, na alikuwa na mimba yangu. Kwa hivyo mimi nilivuka wa kwanza kabisa, ndani ya tumbo."

"Na mzee?"

"Mzungu wa serikali alikuja na kamera. Baba akavaa koti akasimama mbele."

"Mama aliitwa nani?"

"Nabangala," alisema Edah, akainuka hewani kimo cha kuku, angali ameketi vilevile, gunzi mkononi. Kigoda kilibaki chini. Phanice aliusogeza ungo ili punje zisitawanyike.

"Huwa hivyo?"

"Kila nikimtaja. Lakini umtaje kwa moyo. Ukimtaja kama mtu anaita rejista, unabaki tu hapo." Zamani wanawake wote wa pale walikuwa wakipaa, alieleza. Ila waume walilalamika kwamba mke aliye juu hatumwi kuni, basi jina likaanza kuachwa, nyumba baada ya nyumba. "Hebu jaribu."

Phanice alijaribu. Tumbo lilimtekenya, nyayo zikaacha udongo, na kicheko ambacho hakujua kilikuwa wapi miaka yote hiyo kikamtoka kwa kelele. Wakacheka wote wawili, wakigongana mabega kama maboya. Kuku waliwatazama, wakarudia mahindi.

Waliposhuka, Edah alimshika mkono. "Nataka nilisikie jina hilo hapo kwa daraja. Mbele ya watu. Kisha niende zangu."

Kwenye mazoezi yaliyofuata kwaya ilijaribu jina hilo katika ubeti wa pili. Sauti ya kwanza ilipaa vizuri. Sauti ya pili ilikwama kwenye boriti za baraza. Tonny, mpiga kinanda, alipaa pamoja na kinanda chake, waya ukachomoka, na muziki ukakatika. Ikakubaliwa aongezewe waya.

Lakini habari hupita. Zachary alirudi Kitale, safari hii bila soda.

"Mama Phanice, msiniharibie. Hiyo ni siku ya babu. Mkimtaja nyanya, hii kwaya haitaalikwa tena mahali popote huku kwetu, na redio nitawaambia wazime."

"Kwani hakujenga?"

"Alijenga," alisema Zachary. "Nani amekataa? Lakini programu imeshachapishwa."

Phanice aliogopa. Kwaya ilikuwa imengoja redio tangu ianzishwe. Wengine walikuwa tayari wamewaambia ndugu zao wa mbali wakae karibu na redio zao. Akawaambia wenzake wataimba Wepukhulu, mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyebisha, na hakuna aliyefurahi.

Siku ya ufunguzi hema lilijaa. Kwaya iliimba ubeti wa kwanza, "Wepukhulu, baba wa daraja," miguu yote ikiwa imekanyaga matope kama inavyotakiwa. Watu walipiga makofi ya heshima. Phanice akamwona Edah katika safu ya mbele, kwenye kiti cha plastiki. Hakuwa anaitazama kwaya. Alikuwa ameelekeza sikio mtoni, kama mtu anayengoja kuitwa kutoka ng'ambo.

Phanice akainua mkono, akanyamazisha kinanda.

"Nani alivuka na kamba kiunoni?"

"Nabangala!" kwaya ikaitika, na kwaya yote ikapaa.

Baada ya hapo haikuhitajika kufundisha mtu. Akina mama waliokuwa hemani waliitika, wakainuka na viti vyao. Muuza njugu alipaa na beseni lake, akiendelea kuuza. Askari aliyeshika nguzo ya hema alitaja jina mara moja tu, kwa majaribio, hema likainuka upande mmoja. Watoto walipiga pinduapindua juu ya reli za daraja. Edah alipaa kuliko wote, leso zimejaa upepo, akicheka bila meno, hadi akawa katikati ya mto.

Zachary alishika kipaza sauti. "Asanteni kwaya. Walio juu wasogee kushoto kidogo, kamera haioni kitambaa cha kibao."

Walio juu wakasogea.

"Zachary," Edah alimwita kutoka angani. "Mtaje nyanya yako."

"Senge, programu haina nafasi."

"Mara moja tu, mwanangu."

Zachary aliinamisha kichwa. Midomo yake ilicheza, na waliokuwa karibu waliona visigino vyake vikitoka kwenye viatu. Kisha akakohoa, akatua, akavuta kitambaa. Kibao kilisema DARAJA LA WEPUKHULU, kwa herufi za dhahabu. Makofi yalipigwa chini na juu.

Redio haikuzima, ilitangaza kwamba kwaya ilitumbuiza vizuri.

Tangu siku hiyo wanawake wa Matulo huvukia hewani wakienda sokoni, hasa mvua ikinyesha, na kamati imewaomba wapite upande wa kulia. Edah alifariki kabla ya mavuno, usingizini. Ilibidi jeneza lifungwe kamba, kwa sababu waombolezaji hawakuacha kuimba.

Muhula uliofuata Phanice aliitwa shuleni kwa ajili ya binti yake, Joy. Mwalimu Kipngetich alimwonyesha karatasi ya mtihani. Swali lilikuwa: Nani alijenga Daraja la Wepukhulu? Joy alikuwa ameandika Nabangala, kwa mwandiko mzuri, na kando yake palikuwa na mkasi mwekundu wa kukosa.

"Alipoliandika alipaa hadi kwenye dari, na dawati lake," alisema mwalimu. "Nilimshusha kwa soksi. Tulikuwa na hesabu baadaye."

"Kama alipaa, mwalimu, si jibu ni sahihi?"

"Ni sahihi, mama," alisema Mwalimu Kipngetich kwa upole, akiirudisha karatasi kwenye faili. "Lakini kupaa hakuna alama."