Cherehani Ilinidanganya Mtoto Anacheza

"Wifi, shusha mikono! Ukinyoosha hivyo kitovu kinamzunguka mtoto shingoni."

Wifi yangu aliniambia hayo mimba ikiwa ya miezi saba, nikitundika gauni la mteja. Nilimcheka, lakini maneno yakaniganda kichwani. Tangu siku hiyo sikutundika kitu. Mimi ni fundi wa nguo. Nilizomaliza nikazirundika mezani, wateja wakanuna kwa makunyanzi, mimi nikakaa kutwa kwenye cherehani yangu ya kukanyaga, tumbo limegusa meza.

Kliniki mkunga alinisisitizia nimsikilize mtoto akicheza kila siku. Nikaona hilo dogo. Si namsikia asubuhi hadi jioni, anatetemeka tu?

Mimba imeingia mwezi wa tisa, mchana mmoja mkanda wa cherehani ukakatika. Gurudumu likasimama. Tumbo nalo, kimya. Nikalisukuma kidogo. Kimya. Ndipo nikajua: kumbe muda wote ilikuwa ikitetemeka meza.

"Wifi, mtoto hachezi."

"Ah, na wewe! Kashakuwa mkubwa, humo atachezea wapi? Kunywa soda baridi, ulale."

"Hebu niache, si wewe uliyenitisha na mikono?"

"Mbona ulinisikiliza? Nisikilize tena basi."

Nami, mjinga, nikanywa. Saa nzima nimelala nasubiri! Nikikumbuka natamani kujipiga kofi. Mtoto hakucheza, nikaondoka mbio kliniki.

"Mama, mara ya mwisho umemsikia lini?" mkunga akauliza.

"Jana... au juzi."

"Jana au juzi?"

Ningemwambia nini, iulize cherehani? Akanipima, mapigo ya mtoto yakasikika, lakini kila mara yanashuka. Jioni hiyo hiyo nikapasuliwa.

Binti yangu alitoka mdogo, mnyonge, akalazwa siku tisa ndipo nikampakata vizuri. Waliponiambia kitovu kilimzunguka shingoni mara moja tu, kimelegea, nikalia kwamba ni mikono yangu.

Mkunga akaguna. "Mikono imefanya nini? Wanazaliwa hivyo wengi tu, wanajizungusha wenyewe wakigeuka. Huyu kondo la nyuma lilikuwa halimlishi vya kutosha. Kilichonitia hofu ni kwamba hujui lini aliacha kucheza."

Miezi miwili nimelinda mikono, mtoto sikumlinda.

Wewe mwenye mimba, shika haya:

Usiogope kutundika nguo.

Usimsikilize mtoto ukiwa kwenye kitu kinachotetemeka. Acha kazi, lala ubavu, weka mkono, tulia.

Usikubali ukiambiwa mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Anatakiwa acheze mpaka mwisho.

Usinywe soda ukasubiri.

Usingoje kesho. Akipunguza kucheza nenda saa hiyo hiyo, hata kama jana walikupima wakasema mzima.

Wifi mpende, lakini haya usimuulize.