Rangi ya Govert

Siku ya kuzaliwa ya Profesa Govert, watu wa maabara walipanga viti kwa duara, wakapeana mikono, kila mtu akimpongeza kila mtu kwa ajili yake, kama ilivyo desturi ya kwao. Kisha Govert akagawa keki ya tufaha aliyoileta mwenyewe, kipande kimoja kwa kila kiti. Uso wake ulikuwa wa kijani.

“Kijani kimekupendeza, Govert,” alisema Wietske.

“Kijani gani?” Jorrit alicheka kutoka upande wa pili. “Mtu mwekundu kama nyanya! Wee Wietske, hadubini imekumaliza macho.”

“Na wewe umeanza lini kudanganya mchana?”

Wote wawili walikuwa wanafunzi wake wa uzamivu. Waliacha chembe ndogo za plastiki zitulie majini mpaka zijipange zenyewe, safu juu ya safu, kama kito. Safu zikinyooka, rangi inayotokea hubadilika kila ukisogea. Wietske alichanganya makusudi chembe za ukubwa tofauti, akazivuruga, akapata buluu iliyofifia kidogo lakini ileile kutoka kila upande. Jorrit aliupima mwanga wa buluu hiyo. Makala yao ya utafiti ilikuwa karibu kutumwa kwenye jarida, na mikataba yao ilikuwa inaisha kiangazi. Ambaye jina lake lingetangulia angepata kazi.

Wietske hakuelewa kwa nini Jorrit aseme uongo kuhusu rangi. Akaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Kutoka pale Govert alikuwa mwekundu kweli.

“Govert alikuambia nini kuhusu makala?” Wietske alimnong’oneza Jorrit.

“Kwamba jina langu ndilo la kwanza.”

“Na mimi aliniambia hivyohivyo.”

Wakatazamana kama abiria wawili ambao mkoba umepotea katikati yao.

“Govert,” Wietske aliita kwa sauti, “jina la kwanza ni la nani?”

Govert alitikisika kidogo, kama chupa ya chembe zao iliyogongwa. Rangi zikamtoka, akawa mweupe wa maziwa, na safari hii wote, hata mwenzao aliyeketi dirishani, waliona rangi moja.

“Langu,” alisema. “Makala niliituma Jumatatu.”

Mtu mmoja akauliza nani anataka kahawa nyingine, na chumba kilipotulia Govert akajipanga tena taratibu, kuanzia kidevuni.

“Sasa ni zambarau,” alisema yule wa dirishani.

“Kwako,” alijibu Jorrit, akamalizia keki yake.

Wietske na Jorrit wote walihitaji barua ya mapendekezo ya kazi, na wa kuiandika alikuwa Govert yuleyule. Jioni Wietske alimwona Jorrit akitoka ofisini kwa Govert, akijizuia kutabasamu.

“Vipi?” aliuliza.

“Kawaida tu.”

Alisubiri mpaka Jorrit alipoteremka ngazi. Halafu akaziweka nywele zake sawa, akabisha hodi.